Majina ya Intaneti na Hesabu ya Uovu

Kila kompyuta iliyounganishwa na intaneti hutambulikana kwa namba. Kwa kuwa binadamu hazikumbuki namba kwa urahisi, badala yake hutumika majina ya vikoa, ambayo kila moja lina kiishio chake, kama vile .com, .org au .tz. Kila kiishio kina mtunza daftari wake, na wapo pia wasajili wanaowauzia watu majina. Sera za viishio vya jumla, mathalani .com, hutungwa katika ICANN, shirika lisilo la faida lililoundwa mwaka 1998 huko California, Marekani. Viishio vya nchi, kama .tz na .ke, hufuata taratibu za nchi zenyewe.

Majina hayo hutumiwa pia na wahalifu. Jina linalofanana na la benki husajiliwa asubuhi, na kabla ya jua kutua mtu amekwisha kuandika humo nywila yake na kupoteza akiba. Tangu tarehe 5 Aprili 2024 mikataba ya ICANN inawalazimisha watunza daftari na wasajili kuchukua hatua mara wapatapo ushahidi wa kutosha kuhusu maovu matano: programu hasidi, makundi ya kompyuta zilizotekwa, hadaa ya kunasa nywila, kumpotosha mtumiaji hadi kwenye tovuti ya bandia, na barua taka zinazobeba mojawapo ya hayo manne.

Lakini ili kujua kama sheria inafaa, ni lazima uovu uhesabiwe, na hapo ndipo mzozo unapoanza. Takwimu nyingi hutokana na orodha za majina yanayoshukiwa. Watunzi wa orodha hizo hutega anwani za barua pepe zisizo za mtu yeyote, na hupokea pia taarifa za watumiaji. Orodha hizo zilibuniwa ili kuzuia barua mbaya, wala si kwa ajili ya kutungia sera. Mtego huona kile tu kinachopita mbele yake. Ujumbe wa Kiswahili uliotumwa kwa simu ya mkononi, ukimwalika mkulima afungue kiungo cha ulaghai, haupiti kwenye mtego wa barua pepe. Na mkulima huyo asiporipoti, hasara yake haimo katika takwimu yoyote.

Namna ya kuhesabu nayo hubadili hukumu. Ichukuliwe kwamba kiishio kimoja kina majina 1,000,000, na kati yake 1,000 ni mabaya. Kingine kina majina 20,000, na mabaya ni 200. Kwa idadi, cha kwanza ni kibaya mara tano kuliko cha pili. Kwa uwiano, cha kwanza kina asilimia 0.1 na cha pili asilimia 1, yaani cha pili ndicho kibaya, tena mara kumi. Hesabu zote mbili ni sahihi.

Zaidi ya hayo, kuna jina lililosajiliwa kwa nia mbaya, na kuna jina la mtu mwema ambaye tovuti yake imevamiwa. Orodha nyingi huyachanganya. Jina la kwanza likifutwa hakuna anayeumia ila mhalifu. La pili likifutwa, zahanati yaweza kupoteza tovuti na barua pepe zake zote kwa kosa la ukurasa mmoja uliopachikwa na mgeni.

Kwa hiyo si jambo dogo nani anakaa mezani. Baraza linalotunga sera za viishio vya jumla lina nyumba mbili. Moja ni ya wenye mikataba, yaani watunza daftari na wasajili. Nyingine ni ya wafanyabiashara, watetezi wa alama za biashara, watoa huduma za intaneti na watumiaji wasio wa kibiashara. Wasajili hupenda kuhesabu yaliyothibitishwa; wenye alama za biashara huhesabu hata yanayofanana tu. Wengi wao hulipwa mshahara kwa kuhudhuria. Msemaji wa mtumiaji wa kawaida aghalabu hujitolea, na Kiswahili si miongoni mwa lugha sita za Umoja wa Mataifa ambazo hutafsiriwa katika mikutano mikuu.

Afrika imekwisha kuonja matokeo yake. Kwa miaka mingi kampuni ya Freenom iligawa bure majina ya .ga ya Gabon, .ml ya Mali, .cf ya Jamhuri ya Afrika ya Kati na .gq ya Ginekweta. Wahalifu waliyakimbilia, na baadhi ya wasimamizi wa mitandao wakafunga mlango kwa kiishio kizima, wema na waovu pamoja. Gabon ilijichukulia .ga mwezi Juni 2023, na Februari 2024 Freenom ilitangaza kuacha biashara hiyo. Viishio vya nchi havibanwi na mikataba ya ICANN. Hivyo mikutano yake haikuwa na uwezo wa kuikomesha.

Hesabu yenye manufaa zaidi ingeyatenganisha majina yaliyovamiwa na yale ya wahalifu, ingetaja mitego imetegwa wapi, na ingepima muda ambao jina bovu hubaki hai baada ya kuripotiwa. Kipimo hicho cha mwisho humhusu zaidi mwenye akiba benki, kwa sababu ni katika saa hizo ndipo fedha hutoweka.