Picha Aliyotuagiza Bibi

Mwezi wa Agosti, huku kwetu pwani kusi ikivuma, wenzetu wa bara huwa katika kipupwe. Likizo ya shule ilipoingia, tulifunga safari kwenda Thika kumzuru shangazi yetu anayeishi Makongeni. Bibi yetu aliyeko Kipini, ambaye miguu yake haimruhusu tena kusafiri, alituagiza jambo moja tu: tumpelekee picha ya maji ya Tana yangali machanga.

Agizo hilo lilikuwa na maana. Mito ya Chania na Thika huteremka kutoka milima ya Nyandarua, ikakutana karibu na mji wa Thika. Kutoka hapo maji huelekea bwawa la Masinga, yakajiunga na Tana, mto mrefu kuliko yote nchini Kenya, hadi yanapomwagika baharini Kipini.

Asubuhi yenye ukungu tuliukata mji kutoka Makongeni hadi bustani za hoteli ya Blue Posts, iliyopo hapo tangu 1908. Pana maporomoko mawili: ya Chania upande mmoja, ya Thika upande wa pili. Miti imefungamana, majani yanachuruzika maji, na mngurumo husikika kabla macho hayajaona chochote. Tulimtukuza Muumba, kisha tukatoa simu.

Shangazi alitufundisha kwamba siku ya mawingu ndiyo bora kwa kazi hii, kwa kuwa jua kali huyafanya mapovu yawe meupe mno na vivuli viwe vyeusi. Alitukumbusha pia kufuta kioo cha simu kila mara, kwa sababu ya manyunyu. Mawe yalikuwa na utelezi. Watoto tuliwashika mikono, wala hatukumruhusu mtu kurudi kinyumenyume akitafuta picha.

Baada ya majaribio mengi tukapata moja iliyotufurahisha sote: maji yote yameonekana, na mti umeinama juu yake kama mtu anayetawadha. Tulikuwa karibu kuituma katika kundi la ukoo, lenye watu wasiopungua mia, binti yetu mdogo alipoikuza. Pembeni, juu ya mwamba, alionekana mama mmoja tusiyemjua. Mtandio wake ulikuwa umelowa, naye ameuvua ili aukamue.

Tulijadiliana. Mmoja wetu alisema sura haionekani vizuri. Mwingine akasema huko Kipini hakuna amjuaye. Shangazi akauliza: "Lau angekuwa mama yako?" Hakuna aliyejibu. Tukaifuta.

Kufikia hapo ukungu ulikuwa umeshuka tena, na adhuhuri ilikuwa imekaribia. Picha tuliyoipata mwishowe ina weupe mwingi na maji kidogo. Tuliituma hiyo, tukamweleza bibi kisa chote.

Akatujibu kwa sauti: ameyaona maji, na amefurahi zaidi kusikia kwamba yule mama amerudi kwake na sitara yake.

Enyi mama na dada zetu, likizo ni wakati wa picha nyingi. Kabla ya kuituma yoyote, tuikuze kwanza, tutazame pembeni. Aliyeingia humo bila kujua ametuachia amana.