Fahamu: Kwa nini wizi huwarudisha wengi gerezani

Nchini Kenya, wizi wa kawaida una adhabu ya hadi miaka 3 jela, chini ya kifungu cha 275 cha Kanuni ya Adhabu. Umaskini peke yake hauelezi kosa hili. Maskini wengi hawaibi kamwe. Mara nyingi mambo hukutana: kuacha shule mapema, kukosa kazi, marafiki wanaoiba na, zito zaidi, uraibu wa pombe au heroini unaodai pesa kila siku.

Kifungo nacho huongeza tatizo. Anayetoka huombwa na waajiri cheti cha polisi cha maadili mema, na rekodi yake huweza kumnyima kazi, hivyo wengine hurudi kuiba.

Sheria ya mwaka 1998 inaruhusu mahakama kumpa mkosaji wa wizi wa kawaida huduma kwa jamii badala ya jela. Mahakimu waitumie zaidi.