Kernow: Pwani Inayokumbuka Kilichozama

Katika ghuba ya Mount's Bay, ncha ya kusini-magharibi ya Uingereza, kuna kisiwa kidogo cha mwamba chenye ngome kileleni. Maji yakijaa, mtu hufika huko kwa mashua. Maji yakipwa, njia ya mawe hujitokeza na watu huvuka kwa miguu, wakiangalia saa zao wasije wakazuiwa na maji kurudi. Waingereza hukiita kisiwa hicho St Michael's Mount. Lugha ya asili ya eneo hilo ina jina jingine: Karrek Loos yn Koos, yaani mwamba wa kijivu ulio msituni.

Msitu gani, ilhali pande zote ni maji ya chumvi? Jibu liko chini ya mchanga. Siku za bamvua, hasa baada ya dhoruba kuukokota mchanga wa ufukweni, visiki vya miti hutokeza, vyeusi na laini kama sabuni iliyolowa. Ni mabaki ya msitu uliokufa maelfu ya miaka iliyopita bahari ilipopanda. Dhoruba za mwaka 2014 ziliviweka wazi vingi kwa mkupuo mmoja. Mimi naamini aliyelitunga jina lile aliviona visiki hivi hivi, akaelewa alichokiona.

Wavuvi wa hapo wana hadithi yao kuhusu maji hayo. Husema kwamba kati ya rasi ya Land's End na visiwa vya Scilly palikuwa na nchi nzima, Lyonesse, yenye makanisa 140 na mashamba mema. Bahari iliimeza kwa usiku mmoja. Aliyeokoka ni mtu mmoja tu, wa ukoo wa Trevelyan, aliyekimbia na farasi wake mweupe huku mawimbi yakimlamba kisigino, na hadi leo, bahari ikitulia, kengele husikika chini. Nchi hiyo haikuwapo kwa ukubwa huo. Lakini visiwa vya Scilly vyenyewe, vingi na vidogo kama vilivyo sasa, zamani vilikuwa kwa sehemu kubwa kisiwa kimoja, na maji yakipwa sana kuta za mawe za mashamba ya kale huonekana zikiteremka kuingia baharini. Mkulima mmoja aliwahi kupanda nafaka mahali ambapo leo watu hutega kaa.

Hiyo ndiyo Cornwall, au Kernow kama wenyewe wanavyoiita. Kwenye ramani ni jimbo la Uingereza lililonyooka kama mguu ndani ya Atlantiki, na mto Tamar unakaribia kuukata mguu huo kutoka kwenye mwili. Mto huo una uzito mkubwa kuliko upana wake. Ng'ambo ya mashariki ni Uingereza. Huku magharibi wapo watu wanaojihesabu kuwa Wakorni, na mwaka 2014 serikali ya London iliwatambua rasmi kuwa jamii ya kitaifa ya wachache yenye haki ya kulindwa. Lugha yao, Kikorni, ni ndugu wa Kiwelsh na wa Kibretoni cha Ufaransa. Bendera yao ni nyeusi yenye msalaba mweupe, ya Mtakatifu Piran, ambaye hadithi inasema alifungiwa jiwe la kusagia na kutupwa baharini huko Ireland, jiwe likaelea, naye akafika nalo Cornwall salama. Wachimbaji wa bati ndio waliomfanya mlinzi wao. Kwao, weupe ule ni bati linalochuruzika kutoka kwenye mwamba mweusi.

Bati liliitajirisha nchi hii, likaiua, kisha likawatawanya watu wake. Kwenye mgodi wa Levant mashimo yalichimbwa chini ya sakafu ya bahari, zaidi ya kilomita moja kutoka pwani. Katika migodi ya namna hiyo, siku ya dhoruba mchimbaji aliweza kusikia mawe makubwa yakibingirishwa na mawimbi juu ya kichwa chake. Mtu anayefanya kazi mahali pa namna hiyo huamini mengi. Waliamini kwamba ndani ya mwamba kuna vijitu vidogo vinavyogonga ukuta, ama kuonyesha mshipa wa madini ulipo, ama kuonya kwamba paa linaanguka. Haikufaa kuvipigia mluzi. Ilifaa kuviachia kipande cha pembe ya "pasty", ile sambusa kubwa ya kuoka, yenye nyama na viazi, iliyokuwa chakula cha mchana cha kila mchimbaji. Boriti hulia kabla ya kuvunjika, na aliyezoea kusikiliza kugonga kwa vijitu ndiye aliyekimbia mapema. Tarehe 20 Oktoba 1919 hakuna kilichoonya: ngazi ya mashine iliyokuwa ikiwapandisha watu pale Levant ilikatika, watu 31 wakafa. Bei ya madini ilipoanguka katika karne ya 19, Wakorni kwa maelfu walihamia Australia, Afrika Kusini, Marekani na Mexico. Katika milima ya Hidalgo, Mexico, wauzaji bado wanaoka sambusa ile ile, wakiitia pilipili.

Pwani ya kaskazini, katika kijiji cha Zennor, kanisa dogo la mawe lina benchi la tangu karne ya 15. Ubavuni pake amechongwa nguva wa hadithi, nusu mwanamke nusu samaki, ameshika kitana na kioo. Wanakijiji husimulia kwamba mwanamke mrembo, aliyevaa vizuri, alikuwa akija kanisani mara chache kwa miaka mingi bila kuzeeka, akivutwa na sauti ya kijana mmoja wa kwaya, Mathey Trewella. Siku moja kijana alimfuata hadi ghuba ya Pendour, na hakurudi. Mbao za benchi zimeng'aa kwa mikono ya watu waliozipapasa. Katika nchi ambayo vijana wengi walitoka asubuhi na mashua wasirudi jioni, najua kwa nini mama angependa kusimuliwa kwamba mwanawe yuko chini anaimba.

Kisa kingine hakina nguva, kina makaratasi. Kusini mwa Land's End, juu ya majabali ya Treryn, kuna jiwe la makumi ya tani, Logan Rock, lililokuwa limekaa kwa mizani hata mtu mmoja akilisukuma linayumba. William Borlase, kasisi aliyeandika juu ya mambo ya kale ya Cornwall, alishikilia katika kitabu chake cha mwaka 1754 kwamba hakuna nguvu wala nyenzo inayoweza kuling'oa. Mwezi Aprili 1824 luteni wa jeshi la majini, Hugh Goldsmith, alikwea na mabaharia wake wakiwa na mitaimbo, wakaling'oa. Wenyeji walipandwa na hasira, kwani wapo waliokuwa wakipata riziki kwa kuwaongoza wageni kulitazama. Malalamiko yalifika makao makuu ya jeshi, na luteni akatakiwa kulirudisha. Kwa kapi, minyororo na makumi ya watu, mbele ya umati mkubwa, jiwe lilipandishwa tena mwezi Novemba mwaka ule ule. Limekaa mahali pake. Haliyumbi tena kama zamani.

Upande wa mashariki wa Mount's Bay, katika vijighuba vya Prussia Cove, John Carter aliendesha biashara ya magendo kwa uaminifu ambao mahakimu wengi wangeutamani. Inasimuliwa kwamba maofisa wa forodha walinasa shehena yake ya chai akiwa hayupo, wakaifungia Penzance. Aliporudi alivunja ghala usiku, akachukua chai yake peke yake, kwa kuwa alikuwa amewaahidi wateja. Asubuhi maofisa walijua mara moja ni nani aliyekuja, kwa sababu hakuna kitu kingine kilichoguswa.

Sifa mbaya zaidi ya Wakorni ni kwamba waliwasha taa za uongo majabalini ili meli zipotee na kuvunjika. Wanahistoria waliopekua kumbukumbu hawakupata ushahidi thabiti wa jambo hilo. Kilicho kweli ni kwamba meli ikivunjika, kijiji kizima kiliteremka kuokota: mapipa, mbao, nguo, chochote. Na maiti? Hapo ndipo palipo na aibu ambayo Wakorni wenyewe waliiondoa. Hadi mwanzoni mwa karne ya 19, mtu aliyetupwa pwani bila kujulikana alifukiwa papo hapo juu ya jabali, bila jeneza wala sala. Desemba 1807 manowari Anson ilivunjika kwenye ufukwe wa Loe Bar, hatua chache kutoka nchi kavu, watu wakitazama wenzao wakizama. Watu wawili kutoka mji wa Helston hawakuweza kuyasahau yale. Mwanasheria Thomas Grylls aliandika mswada uliokuja kuwa sheria mwaka 1808, ukiamuru kila maiti ya baharini izikwe kwa heshima katika ardhi ya kanisa. Seremala Henry Trengrouse alitumia maisha na mali yake yote kubuni roketi ya kurusha kamba kati ya meli na nchi kavu. Alikufa maskini. Waliookolewa kwa kamba za namna ile ni maelfu.

Mtu aliyeibeba sheria ya Grylls moyoni kuliko wote ni kasisi Robert Stephen Hawker. Tangu miaka ya 1830 hadi kufa kwake mwaka 1875 alikuwa kasisi wa Morwenstow, parokia ya mwisho kaskazini, ambako majabali huanguka wima baharini. Vituko vyake vilijaza midomo ya watu. Alipokuwa kijana, wasema, alikaa usiku wa mbalamwezi juu ya mwamba huko Bude akiwa amejisuka nywele za mwani, amejifunga turubai miguuni, akiimba, na mji mzima ukaamini ni nguva. Akiwa kasisi alivaa fulana ya buluu ya wavuvi na mabuti ya bahari chini ya koti la rangi ya damu ya mzee. Wanasema alimtenga paka wake na kanisa kwa kukamata panya siku ya Jumapili.

Meli zilipovunjika chini ya parokia yake, mtu huyo huyo aliteremka majabali yale kwa mikono na magoti kutafuta waliokufa. Aliwalipa wanakijiji watafute viungo vilivyotawanyika kati ya mawe, akawapa pombe kali wastahimili kazi hiyo, akazika kila alichokipata kwa sala kamili. Mwaka 1842 jahazi la Caledonia, la Arbroath huko Scotland, lilivunjika. Akaokoka mtu mmoja. Hawker aliwazika wengine, na juu ya kaburi akasimamisha sanamu ya omo ya jahazi hilo, mwanamke mweupe mwenye upanga na ngao. Sanamu ya awali sasa imehifadhiwa ndani ya kanisa, na nakala yake imesimama makaburini. Kando ya jabali kuna kibanda alichokijenga kwa mbao za meli zilizovunjika. Humo alikaa kuandika mashairi, akitazama bahari ile ile iliyomletea wageni wake.

Bahari ilimleta pia Mwafrika mmoja ambaye ningependa msomaji akiwa Cornwall amtafute. Joseph Emidy alizaliwa Guinea, Afrika Magharibi, akauzwa utumwani Brazil, kisha akapelekwa Lisbon, ambako alipiga fidla katika jumba la opera. Mwaka 1795 nahodha wa manowari ya Uingereza, Edward Pellew, aliamuru atekwe ili awapigie mabaharia wake muziki wa kuchezea. Alishikiliwa melini miaka minne, akaachiwa Falmouth mwaka 1799. Alibaki. Alifundisha ala nyingi, akaoa, akaongoza matamasha, akatunga muziki ambao marafiki waliupeleka London; huko waliukubali muziki, wakaogopa rangi ya mtunzi. Alifariki mwaka 1835, na kaburi lake liko kwenye kanisa la Kenwyn, mjini Truro. Katika tungo zake hakuna hata moja inayojulikana kubaki.

Nimeiweka Mousehole mwishoni, kijiji cha wavuvi kando ya ghuba niliyoanza nayo, chenye bandari ndogo iliyokumbatiwa na kuta mbili za mawe. Hapo aliishi Dolly Pentreath, muuza samaki. Mwaka 1768 msomi Daines Barrington alifika akitafuta mtu anayejua Kikorni, akajitambulisha kwa bibi huyo kama mtu aliyeweka dau kwamba hakuna anayeweza kuizungumza lugha hiyo. Dolly alimkaripia kwa Kikorni dakika mbili tatu mfululizo. Ng'ambo ya njia wanawake wawili walikuwa wakicheka, na hapo Barrington akatambua kwamba wameelewa. Dolly alifariki mwaka 1777 na dunia ikamtangaza kuwa msemaji wa mwisho. Mwaka 1860 mpwa wa Napoleon, mwanaisimu Louis Lucien Bonaparte, alimwekea jiwe la ukumbusho katika ukuta wa kanisa la Paul. Hakuwa wa mwisho. Mwaka mmoja kabla ya kifo chake, mvuvi wa kijiji hicho hicho, William Bodinar, alikuwa amemwandikia Barrington barua kwa Kikorni, akieleza kwamba alijifunza akiwa mtoto baharini kutoka kwa wazee. Mwaka 1904 Henry Jenner alichapisha kitabu cha kuifundisha upya lugha hiyo, na leo wako watoto wanaolelewa nayo.

Desemba bandari ya Mousehole hupambwa kwa taa za rangi. Tarehe 23 hupikwa pai ambayo vichwa vya samaki jamii ya dagaa hutokeza juu ya unga kana kwamba vinatazama nyota, kumkumbuka Tom Bawcock, mvuvi aliyetoka katika dhoruba wakati kijiji kinakufa njaa, akarudi na samaki wa aina saba.

Siku nne kabla ya pai, taa huzimwa. Tarehe 19 Desemba 1981, meli ya mizigo Union Star ilizimikiwa injini katika tufani, ikiwa na watu wanane, mke wa nahodha na mabinti wawili wakiwamo. Mashua ya uokoaji Solomon Browne, ya mbao, ilitoka na wanakijiji wanane wa kujitolea. Kiongozi wao alikataa kumchukua kijana mmoja kwa sababu baba yake alikuwa tayari ndani. Walifanikiwa kuwaopoa watu wanne, wakatoa taarifa kwa redio, kisha kimya. Hakuokoka hata mmoja, si wa meli wala wa mashua. Kesho yake watu wa kutosha wa Mousehole walikuwa wamejiandikisha kuunda kikosi kipya.

Kila mwaka, tarehe hiyo, saa mbili usiku, bandari hutiwa giza kwa saa moja, kuwakumbuka wasiorudi.