Musumeno wa kukata mapambo: mbele ya kutoa feza, angalia mambo haya

Katika miji ya mashariki mwa Kongo, watu wengi wenye wanapenda kazi ya mbao kisha saa za kazi wanaanza na musumeno wa mukono wenye umbo la upinde. Wanakata majina ya watoto, saa za ukutani, ramani ya inchi na wanyama wa kuchezea. Lakini kukata maua madogo katika ubao mugumu kama libuyu ao mvule kunaweza kumaliza siku nzima. Ndiyo maana wengi wanatamani mashini ndogo ya umeme yenye wauzaji wanaijua kwa jina la Kifaransa scie à chantourner. Shida ni kwamba feza zenye ziliwekwa pole pole kwa miezi mingi zinaweza kupotea siku moja juu ya mashini mbaya.

Bei inaachana sana. Huko Ulaya na Marekani, mashini ya kuanzia inauzwa karibu dola 100 mpaka 150. Ya katikati, kama DeWalt DW788, iko karibu dola 500, na Hegner ya Ujerumani inaweza kupita dola 1000. Kwa bei hizo kunaongezwa usafiri na forodha mpaka Bukavu, Goma ao Butembo.

Kutikisika na wembe

Tofauti kubwa kati ya mashini ya bei ya chini na ya bei ya juu ni kutikisika. Mashini yenye kutikisika inaharibu mustari, inavunja nyembe na inachokesha mikono. Kuipima ni rahisi: iwashwe, halafu glasi ya maji iwekwe juu ya meza yake. Kama maji yanaruka, ni vizuri kuiacha.

Jambo la pili ni namna wembe unafungwa. Kuna nyembe zenye kapini kwenye ncha zote mbili, na zingine hazina. Ule wenye kapini unaomba tundu la karibu milimita 5 ili kupita ndani ya ubao. Ule usio na kapini unapita katika tundu dogo sana. Mwenye anataka kukata maua madogo atafute mashini yenye inakubali wembe usio na kapini. Pia achague yenye mwendo unaweza kubadilishwa, kwa sababu ubao mugumu unakatwa pole pole. Nafasi ya sentimita 40 kati ya wembe na nyuma ya mashini inatosha kwa kazi nyingi za nyumbani.

Umeme wa hapa

Wengi wanaanguka hapa. Mashini zenye zinatengenezwa kwa ajili ya Marekani zinatumia volti 120, lakini Kongo tunatumia volti 220. Kuichomeka bila transfoma ni kuiunguza, na transfoma nayo inanunuliwa. Ni lazima kusoma kibandiko cha motere mbele ya kulipa. Habari nzuri ni kwamba mashini hizi hazikuli umeme mwingi: nyingi za ndogo zinatumia kati ya wati 90 na 150, chini sana ya pasi ya nguo. Hata nyumba yenye mitambo ya jua ya kadiri inaweza kuiendesha.

Kununua pamoja

Wenye hawawezi kupata feza hizo peke yao wanaweza kufuata njia ya likelemba ao MUSO. Watu 5 wenye kuweka kila mumoja dola 5 kwa juma wanafikisha dola 500 kisha majuma 20. Lakini wapatane mbele: nani analinda mashini, nani ananunua nyembe, na kila mutu ana siku gani. Wasisahau pia barakoa, kwa sababu vumbi la mbao linaumiza mapafu.

Na mwenye bado anangojea hapotezi wakati. Wembe usio na kapini wenye unatumika katika mashini, wa karibu sentimita 13, unaingia pia katika misumeno mingi ya upinde. Nyembe nzuri chache na mukono wenye umezoea kufuata mustari vitamusaidia hata siku mashini itafika.