Iceland 2008–2009: Mwaka wa Sufuria (Sehemu ya Pili)

Juma lililopita tuliona jinsi benki tatu za Iceland, yaani Kaupthing, Landsbanki na Glitnir, zilivyobinafsishwa kisha zikanenepa kwa mikopo ya nje hadi mali zake zikakaribia mara kumi ya pato la taifa. Leo tuutazame mwaka zilipoanguka.

Tarehe 6 Oktoba 2008 Waziri Mkuu Geir Haarde alitokea kwenye televisheni akawaonya wananchi, ambao jumla yao wakati huo ilikuwa kama 320,000 tu, kwamba benki zikizama huenda nchi nzima ikafilisika nazo. Akamaliza kwa kuiombea Iceland baraka za Mungu. Siku hiyohiyo Bunge lilipitisha sheria ya dharura, na kufikia tarehe 9 benki zote tatu zilikuwa mikononi mwa serikali.

Wapo wanaoisifu Iceland kwa ujasiri wa kuziacha benki zife. Mimi sikubaliani nao. Mdhamini atalipaje deni linalomzidi mara kadhaa? Serikali haikuwa na uwezo wa kuziokoa. Sifa inayoistahili ni nyingine: iliamua nani atangulie kulipwa. Sheria ile iliweka amana mbele ya madai ya wakopeshaji wengine, na zikaundwa benki mpya za kubeba akaunti za ndani. Hivyo mwalimu wa Reykjavik aliendelea kuchukua mshahara wake benki, ilhali hasara kubwa iliwaangukia wakopeshaji wa nje.

Lakini waweka akiba zaidi ya laki tatu wa Uingereza na Uholanzi, waliovutwa na riba ya akaunti za Icesave za Landsbanki, walikuta mlango umefungwa. Tarehe 8 Oktoba Uingereza ilizuia mali za benki hiyo kwa kutumia sheria ya kupambana na ugaidi. Kwa taifa lisilo hata na jeshi, jambo hilo liliuma sana.

Majumbani maumivu yalikuwa ya namna nyingine. Familia nyingi zilikuwa zimekopa kwa yeni na faranga za Uswisi ili kununua magari na nyumba, kwa kuwa riba yake ilikuwa nafuu. Krona, sarafu ya Iceland, ilipoporomoka, deni likihesabiwa kwa krona lilikaribia kuwa maradufu, na mshahara ukabaki uleule. Ukosefu wa ajira, uliokuwa karibu asilimia 1, ulipanda hadi asilimia 9 hivi mwanzoni mwa 2009.

Kila Jumamosi watu walikusanyika katika uwanja wa Austurvöllur, mbele ya Bunge. Tarehe 20 Januari 2009, wabunge waliporejea kutoka likizo, walipokewa kwa kishindo cha sufuria na vikaango kilichoendelea hadi usiku. Siku chache za vurugu zikafuata, na polisi wakafyatua mabomu ya machozi kwa mara ya kwanza tangu 1949. Tarehe 26 serikali ilijiuzulu. Februari mosi Jóhanna Sigurðardóttir aliapishwa, mwanamke wa kwanza kuwa waziri mkuu wa nchi hiyo, na katika uchaguzi wa Aprili 25 muungano wake wa mrengo wa kushoto ulishinda viti 34 kati ya 63.

Kuiangusha serikali kulichukua siku sita tangu sufuria zianze kugongwa. Vizuizi vya kupeleka fedha nje, vilivyowekwa Novemba 2008, vilisubiri hadi Machi 2017 ndipo vingi vikaondolewa.