Je, Wajua? Mwalimu Kwenye Mizani

Je, wajua kwamba hesabu maarufu ya kupima walimu ilitokea zizini? William Sanders alikuwa mtakwimu wa kilimo katika Chuo Kikuu cha Tennessee, Marekani. Wafugaji humjua dume bora kwa maziwa ya mabinti zake, maana mwenyewe hakamuliwi. Sanders akaona mwalimu naye anaweza kujulikana kwa wanafunzi wake. Mwaka 1992 jimbo la Tennessee likaiingiza hesabu hiyo kwenye sheria.

Je, wajua kinachopimwa si alama, ni hatua? Mchukue Asha wa darasa la nne. Kwa matokeo yake ya nyuma, anatarajiwa kupata 55. Akipata 62, zile 7 za ziada anaandikiwa mwalimu. Akipata 50, mwalimu anadaiwa 5. Inafanywa hivyo kwa darasa zima, kisha unatafutwa wastani. Kama Asha aliamka na homa siku ya mtihani, shauri yake na mwalimu wake.

Je, wajua wachumi Chetty, Friedman na Rockoff walifuatilia watoto zaidi ya milioni 1 hadi ukubwani? Walikadiria kuwa kumtoa mwalimu wa asilimia 5 ya mwisho kwa kipimo hiki na kuweka wa wastani tu kunaliongezea darasa lake moja kipato cha maisha cha kama dola 250,000.

Je, wajua walimu wa darasa la tano walionekana "kuinua" alama za darasa la nne, kabla hawajawafundisha watoto hao? Mchumi Jesse Rothstein aliufumania muujiza huo North Carolina na kuuchapisha mwaka 2010. Siri ni kwamba watoto hawagawanywi kwa kura: huyu hupewa watulivu, yule watundu. Aliyewahi kukaa ofisi ya walimu hashangai.

Je, wajua mwaka huohuo gazeti la Los Angeles Times lilianika viwango vya walimu wapatao 6,000 wa shule za msingi, kwa majina?

Je, wajua mwalimu mmoja wa New York alishuka kutoka alama 14 hadi 1 kati ya 20 ndani ya mwaka, kwa hesabu ya aina hii? Alikwenda mahakamani, na mwaka 2016 jaji akaifuta alama hiyo.

Je, wajua Tanzania nako kulijaribiwa kuwalipa walimu bonasi kwa matokeo ya wanafunzi? Katika mradi wa majaribio wa KiuFunza, kwenye shule 350, ruzuku kwa shule peke yake haikuinua alama. Ilipoungana na bonasi ya walimu, zikapanda.

Na je, wajua Chama cha Takwimu cha Marekani kilisema nini mwaka 2014? Kwamba tafiti nyingi zinampa mwalimu asilimia 1 hadi 14 tu ya tofauti za alama za wanafunzi.