Sheria za Geti: Biashara ya Nyumba za Kupanga Busia na Tororo

Biashara ya nyumba za kupanga katika miji ya mpaka wa Kenya na Uganda, kuanzia Busia zote mbili hadi Malaba na Tororo, inahama kutoka mapatano ya mdomo baina ya mwenye nyumba na mpangaji wake na kuwa shughuli ya mawakala, yaani watu au kampuni zinazokusanya kodi kwa niaba ya mwenye nyumba na kujikatia asilimia yao, wakisaidiwa na keateka anayelala pale pale kwenye ploti na kushika funguo za geti. Wapangaji huyaita mabadiliko hayo ukali, na wenye nyumba huyaita utaratibu. Pande zote mbili zina haki ya neno lao, ila utaratibu wenyewe mara nyingi umeandikwa upande mmoja tu.

Chanzo chake si kimoja. Kuanzishwa kwa serikali za kaunti nchini Kenya mwaka 2013 kuliifanya Busia kuwa makao ya kaunti, na watumishi wenye mshahara wa kila mwezi walihitaji ghorofa badala ya vyumba vya mstari mmoja. Mwaka huo huo mpango wa Nyumba Kumi, unaowataka majirani wajuane kwa ajili ya usalama, uliwapa wenye nyumba sababu ya kudai nakala ya kitambulisho na namba ya simu ya ndugu wa karibu. Upande wa Uganda desturi ya kumtaka mpangaji mgeni alete barua ya mwenyekiti wa kijiji, yule wa baraza la ngazi ya kwanza, imefanya kazi hiyo hiyo kwa muda mrefu. Mnamo Februari 2018 kilizinduliwa rasmi kituo cha pamoja cha huduma za mpakani cha Busia, ambamo msafiri na shehena hukaguliwa mara moja badala ya mara mbili, na wanaofanya kazi humo nao wanahitaji pa kupanga.

Halafu kuna ushuru. Neno “kodi” katika Kiswahili hubeba maana mbili, malipo ya mpangaji na malipo kwa serikali, na katika biashara hii maana hizo mbili zimekutana. Kenya ilianza Januari 2016 kutoza kiwango kimoja cha asilimia 10 kwenye mapato ghafi ya nyumba za makazi, kiwango kilichoshushwa hadi asilimia 7.5 Januari 2024 kwa wanaopata zaidi ya shilingi 288,000 lakini wasiozidi milioni 15 kwa mwaka. Uganda, tangu Julai 2022, humtoza mwenye nyumba binafsi asilimia 12 ya mapato yanayozidi shilingi 2,820,000 za huko. Mapato ghafi maana yake ni fedha zote zilizoingia kabla ya kutoa gharama, kwa hiyo mwenye nyumba anayeziba paa linalovuja hapunguziwi chochote kwa ajili ya mabati aliyonunua. Si ajabu, basi, kwamba matengenezo hucheleweshwa, na kwamba ada za maji, taka na ulinzi hutengwa na kodi na kupewa majina yake.

Ukali huo hausambai sawasawa. Katika vyumba vya chini kabisa, ambavyo Busia ya Kenya huviita singo na Uganda huviita mizigo (ni neno la Kiganda lisilohusiana na shehena), mwenye nyumba bado hupita mwenyewe mwisho wa mwezi. Katika bedsita, yaani chumba kimoja chenye jiko na choo chake ndani, na katika ghorofa, mpangaji hukutana na karatasi iliyobandikwa kando ya geti: kodi ilipwe kabla ya tarehe 5, faini baada ya hapo, wageni wajiandikishe, muziki uzimwe, geti lifungwe saa nne usiku. Sharti hilo la mwisho linaonyesha jinsi sheria hizi zinavyonakiliwa kutoka miji mingine bila kufikiriwa, kwa sababu vituo vya Busia na Malaba hufanya kazi saa 24, na wakala wa forodha au mwendesha boda boda anayerudi saa saba usiku hawezi kuwa mpangaji mtiifu hata akitaka. Tororo, mji wa saruji na njia panda ya reli, una wapangaji wa zamu za kiwanda wenye shida iyo hiyo.

Umeme nao umekuwa chombo cha usimamizi. Pale ambapo jengo zima lina mita moja ya shirika, mwenye nyumba hufunga mita ndogo kwa kila chumba na mpangaji hununua tokeni kwa kampuni ya mita hizo, wala si kwa shirika la umeme. Bei ya uniti huweza kupishana, na anayedaiwa kodi huweza kukuta tokeni haziingii. Njia ya kale zaidi ni kufuli la pili juu ya kufuli la mpangaji, na kitasa kikishafungwa hivyo, nguo, sufuria na vitabu vya watoto hubaki ndani.

Je, sheria husemaje? Kenya ina Sheria ya Udhibiti wa Kodi za Nyumba, Sura ya 296, inayomkataza mwenye nyumba kumfukuza mpangaji au kukamata mali yake bila ruhusa ya baraza maalumu, lakini ulinzi huo huishia kwenye nyumba ambazo kodi yake ya msingi haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi. Juu ya kiwango hicho mpangaji hutegemea mkataba wake na Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012, ambayo kwa upangaji wa mwezi hadi mwezi hudai ilani isiyopungua mwezi mmoja, huku Sura ya 293 ya sheria za Kenya ikiruhusu dalali mwenye leseni kukamata mali kwa deni la kodi. Muswada wa mwaka 2021 uliokusudia kuziunganisha sheria za upangaji haukupita. Uganda ilitangulia: Sheria ya Wenye Nyumba na Wapangaji ya mwaka 2022 inakataza kupandisha kodi kwa zaidi ya asilimia 10 kwa mwaka, inakataza kumtoa mpangaji bila amri ya mahakama, inataka kodi ihesabiwe kwa shilingi ya Uganda isipokuwa wahusika wamekubaliana vingine, na inataka mkataba wenye thamani ya shilingi 500,000 au zaidi uwe wa maandishi.

Mpangaji wa mpakani angeweza kudhani kwamba, akibanwa upande mmoja, atahamia wa pili, na wengi hufanya hivyo kwa mkokoteni mmoja. Hesabu ya fedha ndiyo huwasaliti. Januari 2024 dola moja ilifikia karibu shilingi 160 za Kenya, na kabla ya katikati ya mwaka ilikuwa imeshuka hadi karibu 130, ilhali shilingi ya Uganda haikutikisika sana. Hivyo shilingi moja ya Kenya ilipanda kutoka karibu 24 hadi karibu 29 za Uganda. Mtu anayeuza nguo Sofia, upande wa Uganda wa Busia, kwa fedha za Uganda na kulala Burumba, upande wa Kenya, kwa kodi ya shilingi 5,000 za Kenya aliona kodi hiyo ikipanda kutoka takriban 120,000 hadi 145,000 za Uganda, zaidi ya asilimia 20, bila mwenye nyumba kuongeza hata senti. Kikomo cha asilimia 10 hakivuki mpaka, na hata kingevuka kisingegusa bei ya fedha. Ndiyo maana sarafu ya kodi ni jambo la kujadiliwa kabla ya kuingia, si baada.

Ugomvi mwingi hauhusu kodi yenyewe bali amana, zile fedha za awali zinazoshikiliwa hadi mpangaji atoke, kisha zikakatwa kwa rangi, kioo na kitasa ambavyo hakuna aliyeandika hali yake mwanzoni. Ujumbe wa simu unaoonyesha tu kiasi kilichotumwa hauthibitishi kwamba sehemu yake ilikuwa amana. Nchi zote mbili zina utaratibu wa madai madogo, unaofika shilingi milioni 1 Kenya na milioni 10 Uganda, unaotosha kabisa kwa mzozo wa aina hiyo, lakini hakimu huamua kwa karatasi iliyo mbele yake. Mpangaji anayekubali masharti yaliyobandikwa getini na adai basi yake mawili: risiti inayotenga amana na kodi, na orodha ya hali ya chumba iliyotiwa sahihi na keateka siku ya kuingia, godoro likiwa bado nje.